Jina la Paspoti, Jina la Nyumbani

Alirudi siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, mjukuu wake wa kiume akimfuata nyuma. Bibi wa Kiunguja huyu, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, ameishi Maskati tangu miaka ya sabini. Dubai alikuja kwa harusi ya mjukuu wa kike, na zawadi ya biharusi ndiyo iliyomleta dukani kwangu Deira, vichochoro viwili nyuma ya Soko la Dhahabu. Nilikuwa nimemuuzia tanzanite moja ya karati nne na nusu, iliyokatwa umbo la yai, buluu yenye zambarau ndani yake kama bahari ya Nungwi jua likishazama. Hakukaa. Alifungua mkoba, akatoa karatasi ya maabara, akaitandaza juu ya kioo cha meza na kuweka kidole.

"Hebu nisomee hapa, mwanangu."

Kidole chenye hina kilikuwa juu ya mstari wa spishi. Mstari ulisema: zoisaiti.

"Mie nimenunua tanzanite. Huyu zoisaiti katokea wapi?"

Kijana alikwisha kutafuta kwenye simu, na simu ikamwambia kuwa zoisaiti ni jiwe la kawaida, na kuna mahali linachongwa vinyago na kuuzwa kwa kilo. Hakusema neno, ila alinitazama kama mtu anayehesabu hatua za kufika kituo cha polisi.

Kosa lilikuwa langu. Miaka ishirini na tano nauza mawe ya nyumbani katika mji huu, na karatasi hizo nazisoma kama mtu asomavyo kibao cha basi lake la kila siku, bila kukiona. Sikumweleza. Nikamwonyesha mstari wa pili, ule wa aina, palipoandikwa tanzanite, lakini haukumtosha. Nikaagiza chai ya karaki, nikamvutia kiti.

"Bi mkubwa, paspoti yako imeandikwa jina gani?"

Akanitajia jina refu, la baba, la babu, na kabila mwishoni.

"Na Malindi walikuwa wakikuita nani?"

Hapo akacheka, kisha akakaa. Jina la utotoni alinitajia, hapa siliandiki.

"Basi na jiwe lako ni hivyo hivyo. Zoisaiti ndilo jina la paspoti. Tanzanite ndilo la nyumbani."

Akanywa chai mafunda mawili. "Na hiyo paspoti kaitoa nani?"

Siku ile nilimjibu kwa kifupi, maana wateja walikuwa mlangoni. Jibu refu ndilo hili.

Sisi watu wa pwani tulipata majina ya mawe zamani sana, na mengi hatukuyabuni wenyewe. Almasi, yakuti, zumaridi, feruzi, akiki, lulu: yalishuka kutoka majahazini pamoja na tende na mazulia, kwa ndimi za Waarabu na Waajemi, na mfanyabiashara wa Kilwa akitamka feruzi alieleweka Hormuz. Ulikuwa mkataba usio na mwenyekiti wala mhuri, na ulikuwa na akili kuliko tunavyoudhania. Chukua yakuti. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya vito. Aliyapima mawe kwa maji: unatumbukiza jiwe ndani ya chombo kilichojaa mpaka ukingoni, unapima maji yaliyomwagika, unayalinganisha na uzito wa jiwe lenyewe. Kwa njia hiyo yakuti nyekundu na yakuti ya samawati zilikaa katika ukoo mmoja, na lile jiwe jekundu la Badakhshan, la'l, likawekwa kando, ingawa kwa macho wekundu ni ule ule. Wazungu walifika hapo karne ya 18 ikielekea ukingoni. Mpaka leo, mbele ya taji la ufalme wa Uingereza kuna jiwe kubwa jekundu wanaloliita yakuti ya Black Prince. Si yakuti. Ni la'l, ambayo wataalamu wanaiita spineli. Mzee wa Khwarazm angewaambia.

Mji huu nao umeishi kwa kupanga vito madaraja kabla haujapata barabara ya lami. Ilikuwa lulu. Mnunuzi wake, tawwash, alizimwaga juu ya kitambaa chekundu, akazichekecha kwa vyombo vya shaba vilivyotobolewa, kila kimoja matundu yake madogo kuliko ya mwenzake, mpaka kila lulu imeangukia daraja lake. Lulu za kufugwa za Wajapani, pamoja na mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929, viliimaliza kazi hiyo. Nyumba za zama hizo zilizobaki, paa zake zimeshikwa na boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu. Ukipita mtaa wa Shindagha inua macho, utaona kwetu. 

Hata karati tunayopimia ina hadithi hiyo hiyo ya majina na makubaliano. Neno limetoka kwenye kirati cha Kiarabu, nacho kimetokana na mbegu ya mkharubu. Tabu ni kwamba kila mji ulikuwa na karati yake. Ya London haikulingana na ya miji mingine, na tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kutoonekana kwa jicho na kubwa kiasi cha kumfilisi mnunuzi wa almasi. Mwaka 1907, mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo na mizani ukapitisha karati moja ya miligramu 200. Mizani yangu ya mezani inafuata azimio hilo kila nikiiwasha.

Sasa turudi kwa zoisaiti. Mwaka 1797 muuza mawe mmoja alimpelekea Baron Sigmund Zois, tajiri wa Ljubljana aliyependa kukusanya mawe, kipande kutoka milima ya Saualpe, katika Austria ya leo. Zois hakulitambua jiwe lile, naye akajua kwamba kutolitambua kwake ni habari. Alilituma kwa Abraham Gottlob Werner, mwalimu wa chuo cha madini cha Freiberg, ambaye mwaka 1805 alilipa jina la Zois. Wanahistoria wanakisia tu yule muuza mawe alikuwa nani. Mnunuzi jina lake limebaki katika vitabu vya dunia nzima. Sisi madalali tumezoea.

Jiwe hilo likakaa kabatini miaka mia na sitini bila kumsisimua mtu. Mwaka 1967, kwenye vilima vya Umasaini kusini ya Kilimanjaro, yakaokotwa mawe ya buluu. Nani aliyaokota kwanza ni ugomvi ambao sitauamua mimi: wapo wanaomtaja Ali Juuyawatu, Mmasai; Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa, ndiye aliyewahi kusajili eneo, na mwaka 2018 serikali ya Tanzania ikamtambua na kumtuza mzee Jumanne Ngoma, aliyefariki mwaka uliofuata. Ninachokifuatilia hapa ni safari ya vipande vya mawe yenyewe. De Souza alidhani ana yakuti, kisha akadhani ana olivini. Vipande vikatumwa huku na huku: Makumbusho ya Uingereza, Chuo Kikuu cha Harvard, Heidelberg. Wote wakarudisha jibu moja, zoisaiti. Lakini aliyelipata jibu hilo mwanzo, kabla ya maprofesa wa ng'ambo, ni mwanajiolojia wa serikali ya Tanzania aliyekuwa na ofisi yake Dodoma, Ian McCloud. Nalikariri jambo hili kwa kila kijana anayenijia akidhani ujuzi wa mawe ya kwetu ulianzia New York.

New York walifanya kazi yao nyingine. Duka la Tiffany lilitaka kuliuza jiwe, na Henry Platt aliona kuwa zoisaiti, kwa sikio la Kiingereza, inakaribia mno neno la kujiua. Mwaka 1968 wakaliingiza sokoni kwa jina la nchi lilikotoka. Ndipo ilipozaliwa tanzanite: dirishani mwa duka, kwa sababu za biashara. Mimi sioni aibu yoyote hapo. Tsavorite ya Taita nayo ilipata jina kwa njia hiyo. Paspoti yake inasema grosula.

Kwa hiyo nikimshika mteja mkono, namwonyesha hivi. Nalishika jiwe kwa kibano, nikiligeuza polepole chini ya taa. Upande mmoja buluu. Ukiligeuza robo, zambarau. Katika jiwe ambalo halijachomwa kuna rangi ya tatu, kahawia inayoelekea wekundu wa mvinyo, na mengi hutoka ardhini yakiwa na kahawia hiyo tupu. Moto wa nyuzi kama 500 ndio unaoiondoa. Halafu naliweka juu ya refraktometa, tone moja la mafuta chini yake. Kivuli kinasimama kati ya 1.69 na 1.70. Yakuti ya samawati ingesimama 1.76. Forsteraiti ya kiwandani, inayoletwa hapa na watu wasio na haya na kuuzwa kama tanzanite, inabaki chini ya 1.68. Namba hizo hazijali nimezaliwa wapi wala nimeapa kwa nini. Mwenzangu wa Jaipur akipima anapata hizo hizo.

Zinalingana kwa sababu watu walikaa wakakubaliana, na kikao kikubwa kilikuwa Madrid, Aprili 1958. Vyama vya wanasayansi wa madini vya nchi mbalimbali vilianzisha Jumuiya ya Kimataifa ya Mineralojia, na mwaka uliofuata ikaundwa kamati ya majina ya madini mapya. Kabla ya hapo ilikuwa vurugu. Jiwe moja lilipewa jina Paris, likapewa jingine Stockholm, kisha likatokea jarida la Kirusi na jina la tatu. Na mara nyingine mtu alitangaza madini mapya ambayo, yakichunguzwa, ni mchanganyiko wa madini mawili ya zamani. Mwenyekiti wa kwanza wa kamati alikuwa Mmarekani, Michael Fleischer, aliyeishika kazi hiyo mpaka 1974. Fikiria zama zenyewe. Warusi na Wamarekani walikuwa wakielekezeana makombora, na huku wataalamu wao wakipiga kura pamoja kwa posta juu ya nyuzi za fuwele zisizoonekana bila hadubini.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Ukidhani umepata madini mapya, unapeleka kemia yake, mpangilio wa atomi zake, rangi, ugumu, uzito, na jina unalopendekeza. Wajumbe kutoka vyama vya nchi wanapiga kura, na theluthi mbili ikikubali yanaingia kwenye orodha. Huruhusiwi kuyapa jina lako mwenyewe. Ukitaka kumtunuku mtu aliye hai, muombe ruhusa kwanza. Na lazima sampuli yenyewe iwekwe katika makumbusho ya umma, ili mwenye shaka miaka mia ijayo aende akaitazame. Orodha hiyo leo ina majina zaidi ya 6,000.

Mji wangu unajulikana zaidi kwa mikataba ya aina nyingine. Kule Jumeirah Lakes umesimama mnara uitwao Almas, jina ambalo Mswahili yeyote analisoma bila mkalimani. Umoja wa Falme za Kiarabu uliongoza Mchakato wa Kimberley wa kudhibiti almasi ghafi mwaka 2016, na tena 2024. Lakini Kimberley ni mkataba wa serikali, na ni wa almasi ghafi peke yake. Kwa mawe ya rangi, ambayo ndiyo riziki yangu, hakuna cheti kama kile. Nina karatasi ya maabara tu, na maabara ina orodha iliyoanzia Madrid.

Hayo niliyafupisha kwa yule bibi: "Wataalamu wa nchi nyingi, Bi mkubwa. Wanapiga kura."

Akaweka kikombe chini. "Na sie tulikuwepo?"

Nilinyamaza. Mjukuu wake, kwa mara ya kwanza, alitabasamu.

Majina yetu yapo, hilo la kwanza. Oldoinyo Lengai, ambao kwa Kimasai ni Mlima wa Mungu, hutoa lava ya ajabu duniani, nyeusi na nyepesi kama tope la mto, isiyo na moto mkali kama lava nyingine, na inayogeuka nyeupe ikiguswa na unyevu. Ndani yake kulipatikana madini mapya, na mwaka 1963 wataalamu wa Marekani, Charles Milton na Blanche Ingram, wakayapa jina la Rais wa Tanganyika. Yanaitwa nyerereaiti. Huwezi kuyavalisha pete: mvua moja tu, yanageuka kitu kingine. Sijawahi kuona mtu akiyauza Deira, na nadhani Mwalimu, kwa jinsi alivyoyachukia mapambo, angeona ni sawa kabisa. Jirani yake katika lava ile ile ni gregoriaiti, ya Mwingereza J. W. Gregory, aliyeandika juu ya Bonde la Ufa. Na mwaka ule ule wa 1967, wakati watu wa Arusha wakigombea mawe ya buluu, Hans Eugster alieleza madini mawili mapya kutoka Ziwa Magadi: magadiaiti na kenyaiti. Kwa hiyo Kenya imo katika orodha ya wanasayansi kwa jina lake kamili. Tanzanite, inayojulikana na kila biharusi kutoka Mombasa hadi Los Angeles, haimo.

Kisha likaja la 2016. Katika mawe yaliyotoka migodi ya tanzanite, mwalimu wa fizikia wa Marekani, John Jaszczak wa chuo cha Michigan Tech, alitazama nyuzi za kijivu nyeusi, nyembamba kama unywele, zinazokaa pamoja na grafaiti na tanzanite yenyewe. Watu walikuwa wakizipita. Zilichunguzwa na watu saba wa taasisi za Marekani, Uingereza na Italia, akiwemo Luca Bindi wa Florence na Mike Rumsey wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London. Zina molibdenamu, risasi, vanadi, antimoni na salfa. Kilichonipendeza ni umbo lake la ndani. Kila uzi ni tabaka mbili za aina tofauti zilizopishana na kuviringishwa, zikaviringishwa tena, kama mkeka uliokunjwa na kusimamishwa pembeni ya mlango. Kamati ikapiga kura, ikakubali. Yakaitwa merelaniaiti, kwa jina la mji wa migodi hiyo na kwa heshima ya wachimbaji wake, na Jumuiya ikayachagua kuwa madini ya mwaka 2016.

Wachimbaji hao nawafahamu. Wana-Apolo tunawaita. Nimelala mjini kwao nikisubiri mzigo, zamani, kabla ya ukuta wa kilomita 24.5 uliozinduliwa 2018. Nimewaona wakitoka shimoni weusi tii kwa grafaiti, meno na macho tu ndiyo yanayong'aa, vumbi lile likiwa limewaingia mpaka kwenye kucha. Ndani ya vumbi lile ndimo zilimokuwa nyuzi zile. Tulizikung'uta. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu, nimesugua jiwe kwa mswaki ili buluu ionekane, na Mungu ndiye ajuaye nilisugua nini.

Na jina lenyewe! Serikali huandika Mirerani. Wenyeji wengi husema Mererani. Wafanyabiashara wa nje wameandika Merelani tangu zamani, na hiyo yenye L ndiyo iliyopigiwa kura. Sasa imekwisha, haifutiki. Katika wale saba hakuna hata mmoja aliyetoka taasisi ya Tanzania wa kusema, jamani, herufi hiyo. Siwalaumu wale saba: kazi waliifanya vizuri, na heshima kwa wachimbaji waliikumbuka bila kulazimishwa. Lakini swali la bibi linabaki pale pale juu ya meza yangu. Tulikuwepo kwa jasho na kwa jina, na hata jina halikuandikwa kama tunavyoliita. Kwenye karatasi ya waandishi hatukuwepo.

Nilimwambia hivyo. Alikunja cheti, akakirudisha mkobani pamoja na kisanduku cha jiwe. "Basi ningelijua tangu mwanzo nisingepanda teksi mara mbili," akasema, na kwa hilo alikuwa na haki. Nauli ya kurudi niliilipa mimi. Tangu siku hiyo kila mteja namsomea mistari yote miwili kabla hajatoa fedha.

Ndugu zangu wana-Apolo, na madalali wa Arusha mnaonisoma: mkipasua mwamba mkaona nywele nyeusi zinazong'aa, au kitu chochote msichokijua kimeshikamana na jiwe, msikisugue. Kifungeni kwenye karatasi, andikeni tarehe na jina la shimo, mkipeleke Dodoma kwenye Taasisi ya Jiolojia, kabla hamjampigia simu mnunuzi wa nje, na kabla hamjanipigia mimi.